Tangi la samaki halina bamvua: Jinsi wavu wa mwani unavyotoa uchafu majini

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

JINA la Darajani limetokana na daraja ambalo leo halionekani. Zamani hori la maji ya bahari lilikuwa likiingia kutokea upande wa Funguni na, maji yalipojaa, likiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Watu walivuka kwa daraja. Soko kuu lilijengwa hapo mwaka 1904, hori likafukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na barabara iliyokuwa ikipita kando yake, Creek Road, sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa.

Kwa muda mrefu hori hilo lilipokea taka za mji, na wageni wa karne ya 19 hawakuacha kuandika juu ya harufu yake. Hata hivyo lilikuwa na msaidizi mmoja. Katika pwani ya Unguja maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti hufikia takriban mita 4. Kila maji yalipokupwa, sehemu ya uchafu ilikwenda nayo.

Mtu anayefuga samaki wa mapambo sebuleni kwake, hatua chache kutoka hapo, ana hori dogo la kioo ambalo halina bamvua. Kila anachotia humo hubaki humo mpaka yeye mwenyewe akitoe kwa mkono. Makala haya yanaeleza njia moja ya kukitoa, ambayo mtu anaweza kuitengeneza nyumbani kwa wavu wa plastiki, kipande cha bomba, pampu ndogo na taa: chujio la mwani.

Wengi hudhani kwamba kazi ya kuondoa uchafu hufanywa na chujio la kawaida. Mtu hununua tangi, pampu na sifongo, akaambiwa kwamba hayo yanatosha, na miezi ya mwanzo maji huwa maangavu kama ya chupa. Lakini uangavu wa maji hausemi lolote kuhusu kilichoyeyuka ndani yake. Chumvi haionekani ikishakorogwa, na nitrati ni vivyo hivyo.

Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia mashavu yake. Ukali wa sumu hiyo hutegemea joto na pH ya maji, na hapa Unguja vyote viwili havimsaidii mfugaji. Maji ya kisiwa hiki hupita katika mawe ya chokaa, kwa hiyo huwa magumu na yenye pH ya juu. Katika joto la nyuzi 28 na pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. pH ikipanda hadi 8, sehemu hiyo huwa asilimia 6 hadi 7. Samaki ni wale wale na chakula ni kile kile, lakini sumu imezidi zaidi ya mara 9.

Bakteria wanaokaa kwenye sifongo na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti ikawa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi. Hapo ndipo kazi ya chujio la kawaida inapokoma. Nitrojeni iliyoingia na chakula haijaondoka tangini. Imebadili jina tu.

Tuchukue tangi la lita 100 ambalo samaki wake hulishwa gramu 2 za chakula kikavu kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai cha punje. Chakula cha namna hiyo chenye protini asilimia 40 kina gramu 0.8 za protini, na katika protini nitrojeni ni takriban asilimia 16. Hiyo ni miligramu 128 za nitrojeni kila siku. Samaki hutumia karibu robo au zaidi kidogo kujenga mwili. Zilizobaki, tuseme miligramu 90, huingia majini. Zikishageuzwa kuwa nitrati, uzito wake hufikia karibu miligramu 400, yaani miligramu 4 katika kila lita ya maji. Kwa wiki moja ni miligramu 28 kwa lita.

Wafugaji wengi wa samaki wa maji baridi hujitahidi nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita, na kwa samaki walio dhaifu 20. Kwa hesabu ya hapo juu, kiwango cha 40 hupitwa katika siku 10.

Dawa inayojulikana ni kubadili maji, nayo ni dawa nzuri. Mfugaji akitoa lita 50 kila wiki na kutia maji yasiyo na nitrati kabisa, baada ya muda nitrati hutulia kwenye miligramu 56 kabla ya kubadili na 28 baada ya kubadili. Kwa mwaka atakuwa amebeba lita 2,600, yaani ndoo 130 za lita 20. Kwa mwenye bomba lisilokatika hilo si jambo la kulalamikia. Kwa anayekaa ghorofa ya juu na kungoja zamu ya maji, au anayenunua maji kwa ndoo, ni swali jingine, tena swali lenye aibu ndani yake: nani atamwaga nusu ya tangi la samaki wakati jirani anatafuta maji ya kupikia?

Kuna na jambo la pili, ambalo halisemwi sana. Hesabu hiyo ilidhani kwamba maji mapya ni safi. Visima vilivyochimbwa katikati ya makaazi, karibu na mashimo ya vyoo, mara nyingi huwa na nitrati tayari. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita katika maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya kuwalinda watoto wachanga. Kisima chenye miligramu 30 kwa hiyo kiko ndani ya kikomo. Lakini tangi la mfano wetu likijazwa kwa maji ya kisima hicho, nitrati yake itatulia kwenye 86 kabla ya kubadili maji na 58 baada ya kubadili. Mtu anaweza kubeba ndoo zake 130 kwa uaminifu na bado samaki wake wakaishi katika maji mabaya. Kabla ya kununua kitu chochote, basi, inafaa kupima maji ya bombani au kisimani kwa vipimo vile vile vinavyotumika kupima tangi.

Mwani huingia katika hesabu hii kwa upande wa kutoa. Neno hili Zanzibar humkumbusha mtu kamba na vigingi vya akina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani wa baharini kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani unaozungumzwa hapa ni ndugu wa mbali wa huo: ule utando wa kijani wenye nyuzinyuzi unaoota katika maji baridi, kwenye birika la uwani, kwenye kuta za tangi la maji lililo wazi juani, na kwenye kioo cha tangi la samaki, ambako mwenye nyumba huupiga vita kila wiki. Utando huo hula amonia, nitrati na fosfati. Akiukwangua na kuutupa nje, mfugaji ametoa nitrojeni pamoja nao. Akiuacha ufe na kuoza humo humo, vyote vinarudi majini.

Wazo la kuuotesha kwa makusudi mahali pamoja, nje ya tangi, ili uvunwe, liliendelezwa na mwanasayansi Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani. Alikuwa amechunguza miamba ya matumbawe ya Karibi na kuona jinsi mwani mfupi unaopigwa na mawimbi na jua unavyokua kwa kasi kubwa. Akaupeleka juu ya wavu, akaupitishia maji ya tangi na kuuwashia taa. Hataza yake ilitolewa mwaka 1982. Baadaye mfumo huo ulikuzwa na kutumiwa kusafisha maji ya mashamba na ya miji, huku wafugaji wa samaki wa majumbani wakiurahisisha mpaka ukawa kipande cha wavu chini ya bomba lenye ufa.

Unguja yenyewe ina historia yake katika jambo hili, ingawa ni ya maji ya chumvi. Huko Makoba, kaskazini magharibi mwa kisiwa, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilifanya majaribio ya mabwawa ya samaki yanayopata maji kwa kujaa na kupwa kwa bahari. Mwaka 2002, Flower Msuya wa taasisi hiyo pamoja na Amir Neori wa Israel walichapisha utafiti juu ya aina mbili za mwani, Ulva reticulata na Gracilaria crassa, zilizooteshwa katika maji yanayotoka kwenye mabwawa hayo. Mwani ulichukua nitrojeni iliyotokana na samaki, ukaongeza oksijeni na kupandisha pH ya maji. Makoba walikuwa na bahari ya kuwasaidia, na bado waliona inafaa maji yapite kwanza kwenye mwani kabla ya kurudi baharini. Mwenye tangi sebuleni ana sababu kubwa zaidi.

Sasa vifaa. Karibu vyote hupatikana kwa kuzunguka asubuhi moja katika maduka ya vyombo vya plastiki, ya mabomba na ya umeme ya Darajani na mitaa ya jirani. Kwa tangi la lita 100 kinahitajika kipande cha wavu mgumu wa plastiki cha sentimita 20 kwa 30, wenye matundu ya milimita 2 hadi 4. Wavu wa madirisha wa kuzuia mbu haufai, kwa kuwa ni laini mno na matundu yake huziba. Wavu wa chuma usiguswe kabisa: madini ya zinki na shaba ni hatari kwa samaki, na shaba huua konokono kwa kiasi kidogo sana.

Wavu mpya huwa laini na mwani haushiki. Mwandishi wa makala haya aliujua ukweli huo kwa hasara. Wavu wake wa kwanza uliota vizuri kwa siku 12, kisha siku ya 13 mwani wote ukateleza kwa pamoja na kuziba mdomo wa pampu. Dawa ni kuukwaruza wavu pande zote mbili kwa meno ya msumeno au msasa mkavu, kwa nguvu, mpaka plastiki ianze kuota vinyweleo na mkono uhisi kama unagusa gome la mti. Kazi hii huchukua nusu saa na ndiyo inayoamua kama chujio litafanya kazi au la.

Kinachofuata ni bomba la plastiki la nusu inchi. Hukatwa ufa ulionyooka wenye urefu wa sentimita 20 na upana wa karibu milimita 3, ukingo wa juu wa wavu ukaingizwa katika ufa huo, na ncha moja ya bomba ikazibwa. Maji yakisukumwa kutoka upande wa pili hutoka kwenye ufa na kuteremka pande zote mbili za wavu kama shuka. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana, hivyo upana wa sentimita 20 huhitaji pampu ya lita 1,000 kwa saa. Pampu hupoteza nguvu kadiri inavyopandisha maji, kwa hiyo inafaa kununua iliyo kubwa kidogo kuliko hesabu.

Wavu huning'inizwa ndani ya kontena la plastiki angavu, la aina inayotumika kuhifadhia unga au mchele, lililowekwa juu ya tangi ili maji yarudi yenyewe. Tundu la kutolea maji liwe kubwa, inchi moja na nusu, na juu yake kuwe na tundu la pili la akiba. Jani moja la mwani likiziba tundu pekee, maji yote ya tangi yatahamia sakafuni.

Taa hukaa nje ya kontena, moja kila upande, karibu na plastiki lakini bila kugusa maji. Taa mbili za LED zenye mwanga wa manjano, zile za wati 7 au 8 za kawaida za nyumbani, zatosha kwa wavu wa ukubwa huu. Waya wa kila kifaa ushuke chini ya soketi kwanza kisha upande, ili tone linalotiririka juu ya waya lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Pande za kontena zisizo na taa zifunikwe kwa karatasi ya foili, mwanga usimwagikie kwenye tangi na kuotesha mwani pale pasipotakiwa.

Wapo wanaouliza kwa nini walipie taa katika nchi yenye jua la kutosha. Swali ni la haki. Chujio likiwekwa uwani au kwenye roshani inayopata jua la asubuhi, mwani huota kwa nguvu kuliko chini ya taa yoyote. Shida ni joto. Maji yanayoteremka juu ya wavu mweusi saa 6 mchana hurudi tangini yakiwa ya moto, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: katika nyuzi 20 lita moja ya maji baridi hushika karibu miligramu 9, katika nyuzi 28 hazifiki 8. Kwa tangi dogo, taa ni salama zaidi.

Taa ziwashwe saa 12 hadi 14, na ni bora ziwashwe usiku, wakati taa ya tangi imezimwa. Mwani unapopata mwanga hunyonya hewa ya ukaa na kupandisha pH, ilhali usiku samaki na mimea ya tangini hutoa hewa hiyo na kuishusha. Vikifanyika kwa wakati mmoja husawazishana, na oksijeni ya mwani huwafikia samaki katika saa wanazoihitaji zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, chujio hili lisifungwe kwenye tangi jipya lenye amonia nyingi kwa matumaini kwamba litaokoa samaki. pH itakayopanda inaweza kuwaua kabla mwani haujapata nguvu.

Gharama ya umeme si ya kutisha. Pampu ya wati 15 inayofanya kazi mchana na usiku pamoja na taa za wati 15 kwa saa 14 hutumia karibu yuniti 0.57 kwa siku, yaani yuniti 17 kwa mwezi.

Wiki ya kwanza wavu hupakwa utando wa kahawia, na wengi hukata tamaa hapo. Utando huo ni wageni wa mwanzo tu. Ukiondolewa kwa kidole taratibu, nyuzi za kijani hufuata katika wiki ya pili au ya tatu. Kipande cha utando wa kijani kutoka kwenye kioo cha tangi lenyewe, kikisuguliwa juu ya wavu siku ya kwanza, huharakisha mambo. Kikiota kitu cheusi kinachoteleza, chenye rangi ya kijani inayokaribia buluu na harufu ya udongo uliooza, hao ni bakteria wa kijanibuluu na si mwani unaotakiwa. Wakwanguliwe wote, mtiririko wa maji uongezwe.

Uvunaji ni kila siku 7 hadi 10. Pampu huzimwa, wavu ukatolewa na kupelekwa kwenye sinki, mwani ukakwanguliwa kwa kucha au kadi ya zamani ya simu, kisha wavu ukasuuzwa na kurudishwa. Usisuguliwe hadi uwe mweupe, maana mashina mafupi yaliyobaki ndiyo mbegu ya wiki ijayo. Kwa sababu hiyo sabuni na dawa ya madoa hazina nafasi hapa. Anayeahirisha mavuno wiki tatu akidhani mwani mwingi ni kazi nyingi hukosea, kwa kuwa tabaka la chini hukosa mwanga, hufa na kuachia nitrojeni yake majini, na maji huanza kupata rangi ya chai. Waliokaa kandokando ya Ziwa Victoria wanaijua habari hii kwa sura nyingine: magugu maji yanayokufa na kuzama humrudishia ziwa rutuba ile ile iliyoyalisha.

Je, faida ni kiasi gani? Hapa ndipo maneno ya wauzaji na ya mashabiki yanapozidi kipimo, na hesabu ndogo hufaa kuliko sifa. Mwani unaotunzwa vizuri huweza kutoa takriban gramu 10 za uzito mkavu kwa mita ya mraba kwa siku. Wengine hupata zaidi, wengi hupata chini ya hapo. Wavu wetu, pande mbili zikihesabiwa, una mita za mraba 0.12, hivyo hutoa gramu 1.2 kwa siku. Nitrojeni ikiwa asilimia 4 ya uzito huo, wavu unatoa miligramu 48 kwa siku. Ziliingia 90.

Wavu umefanya nusu ya kazi, wala si yote. Lakini nusu hiyo ina thamani. Mfugaji anayebadili lita 50 kwa wiki ataona nitrati yake ikishuka kutoka kilele cha 56 hadi 28, kama maji yake mapya ni safi. Au, akitaka kubaki pale pale alipokuwa, atabadili lita 25 tu kwa wiki, na ndoo zake 130 za mwaka zitakuwa 65. Mwenye kisima chenye nitrati ndiye anayefaidika zaidi, kwa kuwa mwani hauulizi nitrati imetoka kwa samaki au imekuja na ndoo. Anayetaka wavu ufanye kazi yote atahitaji wenye ukubwa maradufu, na pampu na taa za kulingana nao. Njia ya bei nafuu kuliko zote, ambayo haihitaji wavu, ni kupunguza chakula. Samaki wengi wa sebuleni hulishwa mno, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Wale wanaodai kwamba mwenye chujio la mwani habadili maji tena wasisikilizwe, hasa katika kisiwa hiki. Maji hupungua tangini kwa kukauka, lakini chokaa na chumvi zake hazikauki. Anayejaza pengo kila wiki kwa maji magumu ya Unguja bila kumwaga chochote anazidisha chumvi hizo mwezi hadi mwezi, na mwani hauzichukui kwa kiasi cha maana. Kubadili sehemu ndogo ya maji mara kwa mara hakukwepeki. Wakati wa masika na vuli, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza ni mazuri kwa kujazia pengo la mkauko, maana hayana chokaa.

Adui mkubwa wa chujio hili hapa kwetu ni umeme kukatika. Wazanzibari wanaikumbuka Mei na Juni 2008, kisiwa cha Unguja kilipokaa gizani kwa takriban wiki nne, na tena Desemba 2009 hadi Machi 2010. Chujio la mwani halingefua dafu katika siku kama hizo, na hata kukatika kwa saa chache kunatosha kulidhuru. Wavu ulio hewani huanza kukauka mara tu pampu inaposimama. Baada ya saa kadhaa katika joto la mchana, mwani wa juu hufa, na umeme ukirudi, maji ya kwanza yanayopita huosha mabaki hayo na kuyaingiza tangini kwa mkupuo mmoja, pamoja na nitrojeni yote iliyokuwa imehifadhiwa humo.

Mwandishi alilipia somo hilo kwa samaki watatu. Umeme ulikatika mchana, ukarudi usiku, pampu ikajiwasha yenyewe watu wakiwa wamelala. Tangu siku hiyo soketi ya pampu ya wavu huchomolewa kila umeme unapokatika, wavu ukalazwa ndani ya tangi lenyewe ili ubaki na unyevu, na ukikutwa umekwisha kukauka, huvunwa na kusuuzwa kwanza ndipo pampu iwashwe. Samaki hawalishwi kabisa siku hiyo. Pampu ndogo ya hewa ya betri, au hata mtu kuteka maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya dakika chache, ni muhimu kuliko chujio lolote katika saa hizo. Sifongo lililofungiwa ndani ya chombo bila maji kupita huishiwa oksijeni na bakteria wake hufa, kwa hiyo nalo litolewe na kuachwa lielee tangini.

Tabia ya kuondoa chujio la kawaida baada ya wavu kuota vizuri inatokana na kutofahamu jambo hilo. Vyote viwili vikae pamoja. Mwani hupenda amonia kuliko nitrati na huichukua moja kwa moja, lakini siku wavu unapovunwa au kukauka, bakteria wa sifongo ndio wanaobaki zamu.

Linabaki suala la mavuno yenyewe, ambayo kwa wavu wetu ni karibu gramu 80 za mwani mbichi uliokamuliwa kila wiki, konzi moja. Yasitupwe mtaroni, kwa kuwa mitaro ya mji huishia baharini na nitrojeni hiyo itakwenda kulisha mwani mwingine kwenye matumbawe. Yakichanganywa na udongo wa ndoo ya mchicha au ya kotimiri, hufanya kazi ya mbolea.

Baadhi ya wafugaji huwapa samaki wao, hasa wenye samaki wa Ziwa Tanganyika wa jamii ya Tropheus, ambao huko Kigoma hushinda wakikwangua mwani kwenye mawe na ambao maji magumu ya Unguja huwafaa kuliko samaki wengi wengine. Hilo linaruhusiwa kwa sharti moja: chakula cha dukani kipunguzwe siku hiyo kwa kiasi kile kile, la sivyo kilichotolewa kwa mkono wa kulia kimerudishwa kwa wa kushoto.